Sululu Kumi na Mmoja

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba. Baridi kiasi, mawingu mepesi, upepo wa kaskazini usio na nguvu. Hakuna mvua. Maji yametulia.

Hayo niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, kwenye fomu iliyobanwa juu ya ubao mdogo. Niliandika polepole, kama ninavyokata kitambaa cha mteja ambacho hakina kipande cha akiba. Kaka alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti chake cha plastiki, koti amelifunga mpaka kidevuni, uso ameuelekeza majini kana kwamba anaona.

"Umemaliza hali ya hewa?"

"Nimemaliza."

"Haya, soma."

Nikamsomea. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kama mwalimu mkuu.

"'Usio na nguvu,'" alirudia. "Mwanafunzi, hapo ungeandika 'hafifu' yaishe."

"Hafifu bado hatujaifikia, Kaka. Tuko kwenye barua za maombi ya kazi."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza miaka mitatu iliyopita.

Kaka amenizidi miaka tisa. Kwa miaka ishirini na minane aliendesha pampu ya mabwawa haya, ambako majitaka ya mji hutulia kabla ya kuachiwa mtoni. Watu hupita hapa wameziba pua. Mwaka wake wa kwanza kazini, mwezi wa kumi, aliona ndege ambao wiki iliyotangulia hawakuwapo. Akauliza, akaambiwa wanatoka kaskazini ya mbali, wanakimbia baridi, wanashuka hapa kula kwenye tope kisha wanaendelea na safari yao. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuhesabu ndege. Alijiunga na chama chao, na kila Jumamosi ya tatu ya Oktoba wanachama wote huhesabu asubuhi ileile, kila mtu kwenye bwawa lake au mto wake, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili.

Katika wote, aliyempenda ni sululu. Ni ndege wa kahawia, mkubwa kama kuku, miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama sindano ya kushonea magunia. Hana rangi ya kujivunia. Kaka alikuwa akisema, "Huyu amevuka nusu ya dunia na hata hajabadilisha koti." Mwaka wake wa kwanza alihesabu mia mbili na kumi na wawili. Halafu wakaanza kupungua, mwaka hadi mwaka, na mwaka wa mwisho ambao macho yake yalikuwa mazima walikuwa tisini.

Presha ya macho ilimpofusha katika muda wa miezi minane. Wahesabu ndege wana utaratibu wao: wanakaa wawili wawili. Mwenye darubini hashiki kalamu, na mwenye kalamu hatazami majini, ili mmoja asimsaidie mwenzake kukosea. Mimi darubini niliiweza. Jicho langu limezoea tundu la sindano. Kalamu ndiyo iliyonishinda, kwa maana nilikuwa sijui kusoma wala kuandika. Nilipokuwa msichana zamu yangu ya shule ilipita nyumba yetu bila kusimama.

Basi Kaka akatunga utaratibu wake. Mimi ni fundi wa nguo, vifungo kwangu havihesabiki. Kifungo kikubwa cha koti kikawa ndege kumi, kifungo kidogo cha shati kikawa ndege mmoja. Nikimaliza kuhesabu aina moja, naviangusha kwenye kopo la bati lililo mapajani pake. Yeye anavipapasa, anajumlisha kwa vidole, kisha anampigia simu Katibu wa chama na kumtajia jumla. Alijivunia sana utaratibu ule. "Darubini ni dada yangu," aliwaambia watu, "kalamu ni vidole vyangu."

Oktoba ile ya kwanza alikuwa ametoka hospitali miezi miwili tu. Alikuwa hasemi mpaka aulizwe, na chakula alikuwa akikigeuzageuza kwenye sahani kisha anakisukuma. Nilihesabu sululu thelathini na mmoja. Nikaangusha vifungo vikubwa vitatu na kidogo kimoja. Akavipapasa, akavipapasa tena, akaingiza kidole pembeni mwa kopo kuona kama kimoja kimejificha.

"Hawa tu?"

Uso ulimshuka, na mimi nikashindwa kuutazama. Nikajisikia nikisema, "Ngoja kwanza, Kaka. Kuna wengine nyuma ya matete."

Nyuma ya matete hapakuwa na kitu. Niliangusha vikubwa vitatu vingine na vidogo vitatu. Sitini na wanne. Kaka akainua kichwa na kucheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu hospitali, akasema, "Wakorofi hawa, walitaka kunificha!" Siku hiyo alimaliza sahani akaomba nyongeza. Usiku nikamshukuru Mungu kwa kunipa busara. Ndivyo nilivyoita, busara.

Mwaka uliofuata walikuja ishirini na wawili. Ningewezaje kusema ishirini na wawili baada ya sitini na wanne? Nikaangusha sitini na wanane. Mwaka jana walikuja kumi na wanne, nikaangusha sabini. Uongo wa kwanza nilimtungia Kaka. Huo wa pili na wa tatu niliutunga kuulinda ule wa kwanza.

Nilidhani unaishia kwenye kopo. Haukuishia humo. Baada ya hesabu ya pili, ofisi ya maji ilitaka kulifukia bwawa la tatu, lenye tope jingi na maji haba, wapate uwanja wa kuegesha malori. Katibu alikwenda kwenye mkutano na takwimu za chama ili kulitetea. Mhandisi akazisoma, akasema mbele ya wote: ndege hawapungui tena, tena wameongezeka wanne, bwawa moja likiondoka hata hawatatambua. Januari malori yalimwaga kifusi siku kumi mfululizo. Kaka alikuwa amesimama kwenye uzio akiyasikiliza. Aliniambia, "Sawa. Maadamu sululu wanakuja."

Ni lile bwawa ambalo sululu walilipenda kuliko yote.

Nilichokifanya baada ya hapo ninaona haya kukieleza, lakini nimekusudia kueleza. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu awalete sululu wa kutosha, uongo wangu ugeuke kweli. Hata idadi nilimtajia. Mwaka mzima nilisali sala hiyo, asubuhi na jioni, kwa machozi, wala sikuona kwamba nilikuwa namtaka Mwenyezi Mungu aweke sahihi kwenye hesabu yangu ya uongo.

Aliyenipeleka masomo ya jioni ni Kaka. "Nenda ukasome," alisema, "uwe kalamu yangu na wewe. Hivi vifungo siku moja utavishonea watu." Tulikuwa kumi na wanane, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Miaka miwili nilikwenda bila kukosa. Na nilipoanza kusoma bila kufuata kwa kidole, kitu cha kwanza nilichotaka kukisoma ni madaftari ya Kaka, yale ya miaka yake ya macho. Nilikuwa nayasoma peke yangu baada ya sala ya jioni, ukurasa mmoja kwa siku.

Mwaka wake wa kumi na moja kuna mstari umekatwa. "Bata 118." Chini yake ameandika: "Nimekosea. Niliwahesabu waliporuka na waliporudi. Sijui ni wangapi. Naacha wazi." Mtu mwingine, nadhani katibu wa wakati ule, ameandika kwa wino mwekundu: "Kadiria tu." Na Kaka amemjibu kwa neno moja: "Siwezi."

Nilifunga daftari. Jioni ile sala haikunitoka. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka nikasikia jirani akizima redio yake. Toka hapo niliomba jambo moja tu, nipewe mdomo wa kusema. Agosti ikapita, Septemba ikapita, na kila asubuhi nilimwandalia Kaka chai nikijiambia, leo. Kisha ananitania, nami nacheka, leo inapita.

Katibu alifika saa kumi na mbili na robo, akitweta, begi la karatasi begani. Ni mama wa makamo mwenye miwani, anafanya kazi maabara ya ofisi ya maji. Kwa kawaida asubuhi kama hii huwa nyumbani kwake akipokea simu za wahesabu, lakini mwaka huu alikuja mwenyewe.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama wa makaratasi. Umepotea njia?"

"Nimekuletea heshima yako." Akatoa kijitabu cha karatasi chache zilizobanwa kwa pini. "Miaka yako yote, Mzee. Imepangwa vizuri, kwa majedwali. Jumatatu inakwenda kwa mpiga chapa. Nimekuja ukisikie kwanza kabla hakijatoka."

Mwendesha pampu wa sasa alisogea na tambara lake mkononi. Tunamwita Gresi kwa sababu hakuna siku isiyokuwa na gresi kwenye nguo zake. Kaka ndiye aliyemfundisha kazi.

"Bosi anatiwa kitabuni!" Gresi alisema. "Na mimi nimo?"

"Ukurasa wa mwisho," alisema Kaka, "chini ya wadudu waharibifu."

Tulicheka wote. Katibu akavuta kiti, akakaa akiyapa maji mgongo, akasoma. Nakumbuka kila neno. "Kati ya maeneo yote yanayohesabiwa, mabwawa haya peke yake yanaonyesha kuwa sululu wameacha kupungua, hata baada ya bwawa moja kufukiwa."

"Rudia hapo," Kaka alisema.

Katibu akarudia. Kaka alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kopo, anatabasamu kama bwana harusi.

"Na si kusoma tu," Katibu aliendelea. "Kuna miji miwili inataka kufukia mabwawa yake. Wameomba takwimu zetu. Wanasema kama kwenu ndege walivumilia, na kwao watavumilia. Mimi roho inasitasita kidogo, lakini namba ndizo namba. Siwezi kubishana nazo."

Nilisema nataka kuhesabu, kumekucha, ndege hawatatusubiri.

"Leo darubini na kalamu ni zako zote mbili, mama," Katibu akaniambia. "Utaratibu umebadilika. Siku hizi anayehesabu anajaza fomu mwenyewe na kuweka sahihi. Nimesikia sasa unajua kuandika."

"Vifungo vibaki," Kaka alisema haraka. "Karatasi ni ya ofisi. Vifungo ni vyangu, nisikie."

Niliinama kwenye darubini. Niseme kweli, ilikuwa asubuhi nzuri. Mwanga ulikuja kwa chini, ukalala juu ya maji ya bwawa la kwanza, na vitwitwi wadogo walikuwa wakikimbia ukingoni kwa miguu myepesi, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme kama nguo zilizoanikwa. Keremkerem walipita juu, hawakutua, sauti zao zikatangulia na wao wakafuata.

"Vitwitwi hamsini na watatu," nilisema, nikaangusha vifungo, nikaandika. "Bata arobaini."

"Wamo wale wenye kichwa chekundu?"

"Wamo. Saba."

"Wamewahi mwaka huu. Huko kwao kumeingia baridi mapema." Kaka alimgeukia Gresi. "Sikiliza ujifunze. Ndege akija mapema, amekimbia kitu."

"Mimi mke wangu akija mapema ndiye ninayekimbia, bosi."

Nilisogeza darubini kwenye bwawa la pili, kisha la nne. Nilikuwa nawatafuta sululu huku naomba nisiwaone wachache. Walikuwa kwenye ulimi wa tope karibu na bomba. Niliwahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, nikawahesabu kutoka kulia kwenda kushoto. Nilingoja mmoja aliyekuwa ameficha kichwa akiinue nimwone vizuri. Nilitazama nyuma ya matete, kila shina. Kisha nikaomba kimya kimya, na mara hii sikutaja idadi.

"Sululu," nilisema.

Kaka alilinyanyua kopo kidogo.

Kikubwa kimoja. Kidogo kimoja. Viligonga bati, na baada ya hapo ikabaki ngurumo ya pampu peke yake.

"Endelea," alisema.

"Wamekwisha, Kaka."

"Bado hujatazama nyuma ya matete. Wanapenda kujificha pale, si unawajua?"

"Nimetazama."

"Tazama tena, mdogo wangu. Hatuna haraka."

Kwa upole huohuo alikuwa ameniachia mlango wazi. Ningeangusha sita tu, vile vikubwa, na asubuhi ingekuwa njema kwa kila mtu pale. Mfuko wa aproni yangu ulikuwa umejaa. Nilivishika vifungo. Halafu nikaitazama fomu, mstari ulioandikwa "Sululu", na kisanduku kilichokuwa wazi mbele yake, na chini kabisa: "Aliyehesabu." Vifungo humwagwa, hurudi mfukoni, huendelea kuwa vifungo. Kile nilichotaka kukiandika kingebaki pale na jina langu chini yake, kwa herufi nilizojifunza kwa jasho, nikiwa na miaka hamsini na tatu. Nikaandika 11. Ile moja ya pili ikatoka imelegea.

"Kaka," nilisema, "nyuma ya matete hakujawahi kuwa na sululu."

"Mwaka huu, unamaanisha."

"Mwaka wowote. Mwaka wa kwanza walikuwa thelathini na mmoja. Wa pili ishirini na wawili. Mwaka jana kumi na wanne. Wengine wote niliwatia mimi kwenye kopo."

Katibu alikuwa bado ameshika ukurasa, kidole kimesimama kwenye jedwali. Gresi alianza kufuta mkono uliokuwa tayari safi.

"Unatania," Kaka alisema.

"Sitanii."

"Rudia namba."

Nikarudia. Sikuhitaji kuzitafuta, miaka yote nilikuwa nalala nazo. Alizifuata kwa vidole juu ya goti lake, moja baada ya nyingine, na nikaona zinavyomwingia.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huli, Kaka. Ulikuwa huongei. Nilisema wengine wako nyuma ya matete, ukacheka. Nikaogopa kukirudisha nyuma kile kicheko."

"Kwa hiyo ulinionea huruma."

"Nilikupenda."

"Nimekuuliza. Ulinionea huruma?"

"Ndiyo."

Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na bwawa la tatu?"

Katibu ndiye aliyejibu, taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtu. "Mzee, mhandisi alisimama kwenye ile sitini na nane. Tungekuwa na ishirini na wawili mkononi, sidhani kama wangethubutu."

"Nilisimama kwenye uzio," Kaka alisema. "Siku kumi nilisikiliza malori. Nikajiambia, usilie, mzee mzima, ndege wako wapo. Ndege gani? Nililiacha bwawa langu lifukiwe kwa ajili ya vifungo vya koti!" Akalisukuma kopo, likaanguka, vifungo vikatawanyika kwenye saruji. "Mimi macho yaliniondoka. Akili haikuniondoka. Ungeniambia thelathini na mmoja ningelia, kisha ningekwenda kupiga kelele ofisi ya maji mpaka wanifukuze na fimbo yangu. Umeniibia hiyo kelele."

"Nisamehe, Kaka."

"Ondoka kwenye darubini."

Nikaondoka. Nilisimama ukutani na ubao wangu kifuani. Sikulia. Nilijua nikilia itakuwa namwomba tena anionee mimi huruma, na yeye alikuwa amechoshwa na huruma.

"Katibu," aliita, "njoo utazame. Rudia bwawa la nne, upande wa mashariki. Asubuhi haijaisha."

"Mzee, mimi ndege nawajua kwenye karatasi. Wakiwa majini wote ni bata."

"Gresi!"

Gresi alifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akajikunja kwenye darubini. Alikaa muda mrefu.

"Bosi, naona kitu cha kahawia. Kimekaa kwa heshima zake."

"Kina mdomo?"

"Mdomo... mdomo siuoni. Kina tundu katikati."

"Hilo tairi la lori, Gresi."

Siku nyingine tungevunjika mbavu. Gresi mwenyewe alianza kucheka, akaona hakuna wa kumsindikiza, akainuka. Katibu alikuwa amekwisha toa kalamu, anapiga mistari kwenye kijitabu, mstari juu ya sitini na nne, mstari juu ya sitini na nane, mstari juu ya sabini. Aliniuliza, bila ukali, kama niko tayari kuandika barua ya kueleza nilichofanya, chama kiitume kwa ile miji miwili kabla ya mwisho wa wiki. Nilisema niko tayari. Alisema barua peke yake haitatosha, ofisi ya maji nako watataka kumsikia mtu, si karatasi. Nikasema nimesikia.

Kaka aliinama, akaanza kupapasa sakafuni. Nilidhani anatafuta vifungo, nikapiga hatua kumsaidia. Alikuwa anatafuta fimbo yake. Alipoipata alisimama, akageuza uso pale alipojua nimesimama.

"Zima pampu," alimwambia Gresi.

"Bosi, nikiizima, ofisini wataona kwenye mita."

"Dakika tano. Waambie mzee amegusa swichi, kipofu."

Gresi akaingia ndani. Ngurumo ikashuka, ikakohoa mara mbili, ikafa. Sikuwa nimewahi kuyasikia mabwawa bila pampu. Maji yalikuwa yakilamba saruji. Vitwitwi walikuwa wakiitana. Kisha kutoka kwenye ulimi wa tope sululu mmoja akalia, ile sauti ndefu inayopanda kama swali, na Kaka akafumba macho ambayo hayamsaidii tena kuyafumbua. Hakuna mwingine aliyejibu. Alisubiri sana.

"Sikusamehe leo," aliniambia. "Usinisubirie hapo mlangoni na chai kila asubuhi ukinitazama usoni. Nikisamehe utasikia. Lakini sina macho mengine, na huyu bwana anaona matairi. Kwa hiyo utarudi kwenye darubini. Ila kwanza utasema mbele ya hawa wawili kile utakachofanya. Si sala. Sala zako mnajuana wewe na Mungu wako. Sema mimi nisikie na wao wasikie, ili siku ukiyumba, wakukumbushe."

Katibu akasimama, akavua miwani. Gresi akatoka kwenye nyumba ya pampu, akasimama karibu naye, mikono nyuma kama aliyeitwa ushahidi.

Nikaanza, sauti ikatoka ndogo. Kaka akasema, "Hatusikii." Nikaanza upya.

"Mbele ya Katibu, na mbele ya ndugu yangu mwendesha pampu, nasema hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya maji. Nitamwambia mhandisi kwa mdomo wangu kwamba bwawa la tatu alilifukia kwa namba zangu za uongo, na nitamwomba alichimbue, na akikataa nitarudi Jumanne. Barua ya ile miji miwili nitaiandika leo kabla sijala. Na wewe, Kaka, nikikuhesabia ndege, nitakwambia ninaowaona. Wakiwa wawili, nitakwambia wawili. Ukinuna, unune. Usipokula, usile. Sitakuongezea hata mmoja."